Tarumbeta Kubwa za Zamani, na Jinsi ya Kuzitunza

Mwezi huu nataka tujifunze habari za tarumbeta kubwa, zile za sauti ya nne, ambazo wengine huziita tuba na wengine besi. Hasa nataka kunena habari za zile za zamani zilizolala katika stoo zetu, juu ya dari na chini ya vitanda vya wazee, hata watu wamesahau zilitoka wapi. Sababu ya kuandika ni hii.

Mwaka jana paa la nyumba yetu ya ibada hapa Nalasi lilivuja. Baraza la wazee likakutana, likahesabu fedha, nazo hazikutosha hata bati kumi. Ndipo mmoja akasema, "Liko lile besi bovu katika stoo. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita kila mwezi, na shaba huinunua kwa bei kubwa kuliko chuma." Wote wakakubali, nami nikakubali pamoja nao, sitaki kujifanya mwema kuliko nilivyokuwa. Kesho yake mnunuzi akaja na mizani yake ya kutundika, akalifunga besi kamba, likapimwa kama mbuzi. Lilikuwa kilo nane na kitu. Fedha alizozihesabu zilitosha bati tatu.

Hapo akasimama mzee mmoja wa usharika, ambaye katika ujana wake alipiga tarumbeta upande wa Njombe kabla ya kuhamia kwetu kulima korosho. Akaniambia, "Baba Mchungaji, kwani tunauza kitu gani? Nipeni kwanza nilitazame." Akalipuliza, halikulia, pumzi haikupita kabisa, na mnunuzi akacheka. Lakini yule mzee akatia unyasi mrefu ndani ya mrija, akauchomoa una udongo mwekundu. Manyigu walikuwa wamejenga humo. Akasema, "Hili si bovu, limezibwa tu." Basi biashara ikavunjika siku ile, na paa likaendelea kuvuja mpaka mvua zilipokwisha, jambo ambalo wazee wangu hawajaacha kunikumbusha.

Tangu hapo nimejifunza mengi, mengine kwa yule mzee, mengine kwa vitabu, na mengine kwa kuharibu. Nitayaeleza kama niwezavyo.

Kwanza, besi hulia kwa namna gani? Midomo ya mpigaji hutetemeka katika kile kipande kidogo kama kikombe tunachokiweka mdomoni, ambacho hapa nitakiita kipulizio. Mtetemo huo huitikisa hewa iliyomo ndani ya mrija. Mrija ukiwa mfupi sauti huwa ya juu. Ukiwa mrefu sauti hushuka. Ukiuongeza urefu mara mbili, sauti hushuka oktava nzima, yaani kutoka do ya juu mpaka do ya chini yake. Tromboni ya kawaida ina mrija wa meta 2.7 hivi. Tuba ya F ina meta 3.7 hivi. Tuba kubwa kuliko hizo, ambayo Wajerumani huiandika B na Waingereza huiandika B flati, nayo ni noti ile ile, ina karibu meta 5.5. Mrija wake ukikunjuliwa na kulazwa chini, watu wazima watatu wakilala kichwa kwa mguu hukaribia tu kuufikia mwisho wake. Ndiyo maana umekunjwa-kunjwa kama utumbo. Na ndiyo maana manyigu wakijenga katika kona moja tu, chombo kizima hunyamaza.

Vali, yaani vile vibonyezo vitatu au vinne vya vidole, kazi yake ni kufungua vipande vya mrija vya kuongeza urefu. Ya pili hushusha sauti nusu moja, ya kwanza nusu mbili, ya tatu nusu tatu. Mwalimu na ayakumbuke haya, maana yatamfaa mwishoni mwa somo hili.

Watu wa upande wetu wa Ruvuma walielewa kazi ya sauti ya chini hata bila shaba. Mtu akishuka pwani ya ziwa Nyasa, Mbamba Bay au Liuli, ataona ngoma ya mganda. Wachezaji husimama kwa safu kama askari, nao hupiga vibuyu vilivyotobolewa na kuzibwa tundu moja kwa utando wa buibui, na mtu huimba ndani yake hata sauti ikawa kama ya tarumbeta. Vibuyu vidogo huimba juu, na vibuyu vikubwa hunguruma chini. Asili ya mchezo huo ni bendi za jeshi ambazo wapagazi na askari walizisikia, hasa katika vita ya 1914 hadi 1918. Na kabla yake ilikuwako ngoma ya beni, iliyoanza pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, ikaenea bara pamoja na askari na makarani. Wachezaji hao hawakuweza kununua besi la shaba. Walakini hawakusema, "Basi tupige sauti za juu tu." Walitafuta kibuyu kikubwa. Nami nasema, kama walikwenda porini kutafuta kibuyu cha sauti ya nne, sisi tulio na besi lenyewe tunaliuzaje kwa kilo?

Sasa habari za asili yake. Wako walimu wanaowachorea watoto picha ya Yeriko na kumpa kuhani tuba mkononi. Hilo si sawa. Katika Yoshua 6 zilikuwa pembe za kondoo, na katika Hesabu 10 Musa aliamriwa kufanya tarumbeta mbili tu, za fedha, kwa kazi ya kufua kwa nyundo. Hazikuwa na vali, wala hazikuwa na sauti ya nne. Tarumbeta kubwa ni changa kuliko watu wadhanivyo.

Chombo cha kwanza cha namna hii kilichosaidia sauti za chini kanisani kilitoka Ufaransa, katika mji wa Auxerre, karibu mwaka 1590. Kilikuwa cha mti uliofungwa ngozi, kimepinda-pinda, hata wakakiita nyoka. Kilikaa kando ya waimbaji kuwashikilia wasipotee katika sauti. Mwaka 1817 fundi mmoja wa Paris, Halary, alitengeneza kingine cha shaba chenye matundu na vifuniko. Lakini jambo lililogeuza kazi yote lilikuwa vali. Ilitungwa Ujerumani mnamo 1814, na mwaka 1818 Stölzel na Blühmel wakapewa hati yake katika Berlin. Baada ya hayo, tarehe 12 Septemba 1835, Wilhelm Wieprecht, mkuu wa bendi za jeshi la Prussia, na fundi Johann Gottfried Moritz, walipewa hati ya chombo kipya cha F chenye vali tano, wakakiita tuba ya besi. Miaka michache baadaye Adolphe Sax, Mbelgiji aliyekaa Paris, akatengeneza jamii nzima ya tarumbeta za umbo moja, ndogo kwa kubwa. Mabesi mengi mnayoyaona leo yamezaliwa na tuba ya Wieprecht au na zile za Sax.

Yalitufikiaje sisi? Wamoravian wa Herrnhut walikuwa na wapiga tromboni tangu mwaka 1731, nao walizipiga makaburini alfajiri ya Pasaka. Watu wa kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo misioni ya Berlin ikaingia nchi ya Konde, na Walutheri wengine wakapanda Usambara. Misioni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, na watu wa Bethel wakafika Bukoba mwaka 1910. Wengi wao walitoka katika makanisa yenye desturi ya kwaya za tarumbeta. Aliyesifiwa kuliko wote katika kazi hiyo ni mchungaji Johannes Kuhlo (1856–1941), aliyekaa Bethel karibu na Bielefeld, hata wakampa jina la Jenerali wa Tarumbeta. Kisha ikaja vita, Wajerumani wakaondolewa katika nchi, wakarudi katika miaka ya 1920, na vita ya pili ikawaondoa tena. Mahali palipobaki tarumbeta, zilibaki katika mikono ya wenyeji, na fundi wa kuzitengeneza hakuwako.

Nalasi haikuwa katika njia hizo. Masasi waliingia Waanglikana wa UMCA mwaka 1876, Peramiho Wabenediktini mwaka 1898, na jirani zetu wengi hapa ni Waislamu. Walutheri wa Nalasi ni wachache, na besi letu lilikuja juu ya lori, katikati ya magunia, pamoja na jamaa iliyohama kutoka nyanda za juu. Nadhani ziko sharika nyingine nyingi ambazo chombo chao kilifika vivyo hivyo, bila barua wala hati.

Kwa hiyo chombo chenyewe ndicho hati. Kisomeni. Tafuteni maandishi katika mdomo mpana, au katika bamba dogo karibu na vali. Mkiona Markneukirchen, huo ni mji wa Saksonia, ambao pamoja na Graslitz ng'ambo ya mpaka, leo mji wa Kraslice katika nchi ya Cheki, ulitoa tarumbeta nyingi sana kwa dunia nzima. Mkiona herufi DDR, chombo ni cha baada ya 1949 na kabla ya 1990. Mkiona Boosey & Hawkes, ni cha baada ya 1930, maana mwaka huo nyumba mbili za London ziliungana; likiwa Boosey & Co. peke yake, ni cha kabla yake. Neno Germany likiandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi ni kwa sababu ya sheria ya Waingereza ya 1887, iliyotaka bidhaa za kigeni zitaje nchi zilikotoka. Tazameni na vali pia. Vali zizungukazo kama kitasa, zenye mikono midogo ya chuma, ni desturi ya Wajerumani na Wacheki. Vali zishukazo na kupanda ndani ya silinda, yaani pistoni, ni desturi ya Waingereza na Wafaransa. Lakini jihadharini, desturi si sheria.

Na hapa yanipasa kuungama. Nilipokuwa kijana chuoni nilipewa tromboni ya zamani niisafishe kwa ajili ya sikukuu. Nilichukua limau, majivu na mchanga laini wa mtoni, nikaisugua tangu asubuhi hata adhuhuri. Iling'aa kama jua, na watu wakanisifu. Jioni mwalimu wetu wa muziki akauliza, "Jina la fundi liko wapi?" Halikuwako. Maandishi yaliyodumu labda miaka 70 niliyafuta kwa limau nne. Hakunipiga wala hakunikemea. Aliandika tu katika daftari lake kwamba chombo kile hakijulikani asili yake, nami nikaona akiandika.

Basi msisugue. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, mara nyingi sehemu 70 kwa 30 au karibu na hapo. Rangi ya kahawia inayokuja kwa miaka mingi haili chombo. Ni kama ngozi yake. Asidi ya limau, ya ukwaju au ya siki huanza na zinki. Mahali zinki ilipotoka hubaki madoa ya rangi ya waridi, na shaba hapo huwa laini yenye vitundu kama sifongo, hata kidole huweza kuitoboa. Ugonjwa huu huanza mara nyingi ndani, katika mrija wa kwanza upokeao pumzi na mate, ndipo hutokea nje. Mkiona doa la waridi katika mrija huo, msifikiri ni uchafu. Hiyo kutu ya kijani ni jambo jingine. Huondoka kwa kitambaa na sabuni na subira, lakini ni sumu, basi mtu asiitie mdomoni, na watoto wasichezee kipulizio kichafu.

Kuosha ni hivi. Toeni kwanza mirija yote ivutikayo. Kama mmoja umekwama, msiuvute kwa koleo wala kuufunga kwa baiskeli, kama nilivyosikia ilivyofanyika mahali fulani. Mrija ulitoka kweli, pamoja na kipande cha chombo. Tieni mafuta ya taa tone kwa tone mahali pa kuungana, mngoje siku mbili tatu, mtie tena. Ukilegea vizuri, vuteni polepole pande zote mbili sawasawa. Kipulizio kilichokwama ni vivyo hivyo: ni heri kusubiri wiki nzima kuliko kukizungusha kwa nguvu na kuupinda mrija wake. Kisha lazeni chombo katika pipa lililokatwa, ndani ya maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche. Maji ya moto sana hubandua vanishi. Sisi tulilaza besi letu usiku mmoja, udongo wa manyigu ukalainika, na asubuhi tukapitisha maji kwa mpira toka upande wa mdomo mpana. Yalitoka matope ya ndoo moja, mbegu za mtama, na sarafu ya senti kumi ya zamani, ambayo tuliitia katika sadaka. Asianze mtu kupuliza chombo kabla ya kukiosha hivyo, maana vumbi lililomo huingia kifuani. Na kipulizio kisipite midomo miwili bila kuoshwa kwa sabuni. Kifua kikuu bado kipo kati yetu.

Vali za kuzunguka msizifungue kama hamkufundishwa. Zimepimwa kwa unene wa unywele, na nyundo moja isiyofaa huziharibu. Pistoni mwaweza kuzitoa, lakini wekeni alama kila moja na nyumba yake, maana zimehesabiwa, na ya kwanza haikai katika nyumba ya pili. Mafuta yawe mepesi, kama ya cherehani. Mafuta ya alizeti au ya nazi yasitumike kamwe: mwanzoni vali hukimbia kama swala, na baada ya mwezi mafuta huganda, ikawa kama imetiwa gundi. Kwa mirija ivutikayo Vaselini yatosha.

Mahali palipobonyea, mara nyingi paacheni. Mbonyeo mdogo katika mdomo mpana hauzuii sauti kwa kitu cha kutaja. Ulio karibu na kipulizio, mahali mrija ulipo mwembamba, ndio mbaya, nao ni kazi ya fundi mwenye vyuma vya mviringo vya kupitisha ndani. Fundi wa pikipiki si fundi wa besi. Nampenda fundi wetu wa pikipiki, lakini moto anaotumia kuunga bomba la moshi huichoma shaba nyembamba hata ikanywea kama jani.

Katika kuweka, adui mkubwa ni popo. Msicheke. Mkojo wa wanyama, ukikauka na kuoza, hutoa amonia, na amonia huipasua shaba ya manjano mahali ilipokunjwa na kubaki na mkazo. Waingereza waliligundua jambo hili huko India, walipoweka risasi za bunduki katika mazizi ya farasi majira ya mvua: maganda ya shaba yalipasuka yenyewe bila mtu kuyagusa. Na besi lote ni mikunjo mitupu. Kwa hiyo dari la kanisa lenye popo, au stoo inayolala mbuzi, si mahali pake. Msilitundike kwa msumari mmoja, maana uzito wake hulivuta na kulipinda. Mshoneeni mfuko wa kitambaa cha pamba, mlilaze juu ya ubao ulioinuliwa ili mchwa wasifike, na kila baada ya kupiga mmwage maji ya pumzi yaliyomo. Mlipulize angalau mara moja kwa mwezi, kwa kuwa vali isiyotumika hukwama.

Sasa liko jambo ambalo limewaangusha wengi. Watu hulitengeneza besi la zamani, hulileta kanisani, nalo halipatani na kinanda. Husema, "Limekufa," hulirudisha stooni. Huenda halikufa. Bendi za Uingereza zilishika sauti ya juu, yenye la ya mitetemo 452.5 hivi kwa sekunde, mpaka miaka ya 1960, ingawa kipimo kilichokubaliwa na mkutano wa mataifa huko London mwaka 1939 ni 440. Tofauti hiyo ni karibu robo ya sauti nzima, na sikio halivumilii. Dawa yake ni kurefusha mrija. Kwa besi la meta 5.5 huhitajiwa sentimeta 16 hivi, na kwa kuwa mrija wa kurekebishia una miguu miwili, kuuvuta sentimeta 8 hutosha. Mirija midogo ya vali nayo ivutwe kwa kadiri yake.

Pengine kosa si la chombo bali ni la kitabu. Kuhlo alifundisha kwamba mpigaji asome noti kama isikikavyo, apige katika kitabu kile kile cha mpiga kinanda. Bendi za Waingereza karibu mabesi yote huyaandikia kwa ufunguo wa G, na noti iandikwayo siyo ile isikikayo, ili mpigaji ahamie chombo kingine kwa vidole vile vile. Njia zote mbili zina akili. Lakini mwekeni mpigaji aliyefunzwa na bendi ya polisi mbele ya kitabu cha Kijerumani bila kumwambia, mtasikia maajabu.

Nimeulizwa kama si bora vyombo vya zamani vikusanywe vyote vikawekwa mahali pamoja, kama Markneukirchen wenyewe walivyofanya tangu 1883 katika nyumba yao ya makumbusho. Mimi nasema, visivyoweza kupigwa tena, vile vyenye madoa ya waridi au vilivyopasuka, na vikusanywe, maana vitawafundisha wengine. Lakini chenye pumzi kisiondolewe katika usharika wake. Kinachopaswa kukusanywa kwanza ni habari zake. Someni tena Ezra sura ya 1. Vyombo vya hekalu vilipotoka Babeli, mtunza hazina hakuvikabidhi kwa chungu. Alivihesabu, sahani na mabakuli, aina kwa aina, hata jumla ikawa 5,400. Katika daftari la usharika tengeni ukurasa mmoja. Andikeni maandishi yote ya chombo herufi kwa herufi, hata msiyoyaelewa, aina na idadi ya vali, noti yake, kilikuja mwaka gani, na nani, kutoka wapi, na nani walikipiga. Sehemu hii ya mwisho waulizeni wazee leo. Yule mzee wetu alinitajia wapigaji sita wa besi letu mmoja baada ya mwingine, wanne wamekwisha kuzikwa, na mmoja wao ni kaka yake. Hakuwahi kunieleza habari hii kabla ya siku ile ya mizani, wala mimi sikuwahi kumwuliza.

Paa tulilitengeneza mwezi wa nane kwa mavuno ya korosho za mwaka uliotangulia, ambazo mzee mmoja alikuwa bado amezificha akingoja bei. Besi lilipigwa mara ya kwanza katika mazishi ya mama mmoja wa usharika. Tarumbeta ndogo mbili, tromboni moja, na hilo. Vali yake ya pili bado imekwama katika hali ya kufunguka tu, nami nimekataza asiiguse mtu mpaka fundi atakapopatikana. Bila vali hiyo noti kadhaa hazipo, na wimbo ulioandikwa kwa F humshinda mpigaji katika mstari wa kwanza. Lakini yule mzee alikaa na daftari siku mbili, akatafuta vidole vingine, akaweka vali ya tatu peke yake mahali pa ya kwanza na ya pili, akaona kwamba nyimbo zenye flati tatu mwanzoni mwa mstari zaweza kupigwa zote bila kupungukiwa noti hata moja. Kwa hiyo kwa sasa Nalasi tunazika watu kwa flati tatu.